Nani Alisema Ndizi ni Tunda?

Dar es Salaam
12 Februari 1984

Shangazi Kokwijuka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima. Laurensia naye mzima, ingawa joto la huku linamchosha, maana ni mwezi wa sita sasa na tumbo limeanza kumtangulia mlangoni. Amesema nikuamkie mara mbili, moja yake na moja ya aliye tumboni. Hali ya Nyakasimbi ikoje? Mguu wako umepona? Na kibanja cha babu, shamba letu lile la migomba, kinaendeleaje? Kila nikipita sokoni nikaona ndizi, naikumbuka ile migomba iliyozunguka kaburi lake.

Sasa nikupe neno la kazi. Unajua kwamba ni mimi niliyekupendekeza uwe mkutubi wa maktaba ya kijiji. Hapa ofisini walicheka. Walisema mama aliyejifunza kusoma kwenye kisomo akiwa na miaka arobaini ataweza wapi kutunza vitabu. Ukaweza, na ripoti zako zinafika kwa mwandiko safi kuliko wa wengi waliotoka chuoni. Lakini Shangazi, ripoti ya mwisho inasema una vitabu mia tatu na kumi, na kwa miezi sita vimeazimwa mara kumi na moja. Nimesoma majina. Mara nne kati ya hizo kumi na moja, aliyeazima ni wewe.

Idara imeamua kwamba maktaba isiyosomwa ifungwe na vitabu vyake vipelekwe kwingine. Mkaguzi atafika kwako mwanzoni mwa mwaka ujao. Akikuta hali ni hiyo hiyo, vitabu vitapakiwa kwenye gari siku hiyo hiyo. Wahimize watu wasome. Na rafu ziwe zimepangwa kwa namba kama nilivyokuelekeza, maana hilo ndilo atakaloanza nalo.

Mwanao,
Yustus


Nyakasimbi
25 Machi 1984

Mwanangu Yustus,

Marahaba. Na ile ya aliye tumboni nimeipokea pia, marahaba mjukuu wangu. Barua yako imetembea wiki tano. Ilipumzika Bukoba, ikapumzika Kayanga, kisha katekista akaichukua akaisahau kwenye koti lake la Jumapili. Mimi sijambo, mguu unanipeleka ninakotaka ila haukimbii. Mvua zimeanza. Kibanja kipo.

Unasema niwahimize watu wasome. Unadhani huwa nafunga mlango nikalala? Siku za gulio watu wanaingia. Wanavua kofia kama wameingia kanisani, wanatazama zile namba, wananusa lile ghala la kahawa ulilotupa tukaliita maktaba, halafu wanasema "asante mama" na kwenda zao. Mtu hawezi kuazima namba.

Nikusimulie habari ya Anastazi. Humjui, amejenga baada ya wewe kuondoka. Baba yake alikuja kutoka Burundi akawa kibarua kwenye kahawa za watu, na Anastazi akafanya kazi mpaka akapata kibanja chake mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja alikuja, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mama. Una kitabu cha migomba? Yangu inaanguka na mikungu yake michanga. Ukikata shina chini unakuta matundu matundu."

Nikatafuta kwenye rafu ya chakula. Mahindi, maharage, muhogo, viazi. Hamna. Nikatafuta kwenye mazao ya shamba, nikakuta kahawa, pamba na mkonge. Hamna. Nikamwambia kitabu hicho hatuna, akashukuru akaondoka.

Juma lililopita nilikuwa nafuta vumbi. Kwenye rafu ya matunda, katikati ya maembe na machungwa, nikakuta kijitabu chembamba kinachoeleza namna ya kumzuia fukusi wa migomba. Juu kina picha ya mdudu mweusi mwenye domo refu. Nikakaa sakafuni. Nilikaa pale mpaka mtu akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Yustus, nani alisema ndizi ni tunda?

Tunda ni kitu anachokula mtoto njiani akitoka shule. Ndizi ndiyo chakula. Mgeni akija kwangu nikampa wali, nikampa nyama na viazi, asipoona ndizi ataenda kuwaambia watu kwamba kwa Kokwijuka alishinda njaa. Mmeichukua ndizi mkaiweka na maembe, na mimi mpumbavu nikamrudisha mtu nyumbani mikono mitupu wakati dawa yake ilikuwa hatua nne kutoka aliposimama.

Nilimpelekea Anastazi kile kijitabu kwa miguu yangu. Nusu ya migomba yake iko chini. Alikipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kimekuwapo maktaba tangu lini. Nikasema miaka mitatu. Hakusema neno. Angenitukana ningeshukuru.

Nijibu swali langu.

Ni mimi shangazi yako,
Kokwijuka


Dar es Salaam
9 Mei 1984

Shangazi,

Shikamoo, na pokea furaha. Laurensia amejifungua salama mtoto wa kike tarehe 2. Jina la ubatizo tumempa Adventina. La nyumbani tunakungoja wewe, kama ilivyo haki yako.

Umeuliza nani. Shangazi, si mtu, ni utaratibu. Aliyeutunga ni Mmarekani mmoja, zaidi ya miaka mia iliyopita. Aliyagawa maarifa yote ya binadamu katika mafungu kumi, kila fungu na namba zake, ili mtu akitoka Mwanza akaenda London akute kitabu kile kile mahali pale pale. Mia mbili ni dini, mia sita ni kilimo na tiba na mapishi. Namba 634 ni matunda, na humo ndani ndizi ni 634.772. Kwa hao walioutunga, ndizi ilifika kwa meli, wakaila mbivu baada ya mlo. Laurensia mwenyewe ananicheka, anasema kwao Morogoro ndizi mbivu hufuata wali na hakuna anayelia.

Kasoro zipo, sikatai. Ukristo umepewa karibu nyumba nzima ya mia mbili, dini nyingine zote zinabanana kwenye chumba kimoja cha uani. Nchi za Kiislamu zimejipanulia chumba chao. Na India wanao mfumo wao walioubuni wenyewe. Lakini hao ni wataalamu, Shangazi, walikaa miaka. Nakuomba usibadili kitu chochote kabla ya ukaguzi.

Kibanja vipi?

Yustus


Nyakasimbi
30 Juni 1984

Baba Adventina,

Hongera! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Mpe Laurensia pole ya uchungu na sifa za kazi. Jina la nyumbani ninalo, ila silitumi kwa posta, litasahauliwa kwenye koti la mtu. Kibanja kipo.

Nimebadili.

Usirushe barua, soma kwanza. Umesema mwenyewe Wahindi wamebuni mfumo wao. Wahindi wana nini ambacho Wanyambo hatuna?

Mwezi mzima sikugusa rafu. Nilikaa na daftari, na kila aliyeingia niliandika maneno yaliyotoka kinywani mwake, yale yale. Hakuna hata mmoja aliyesema "nataka elimu ya sayansi." Mmoja alisema, "Nina tatizo kibanjani." Mwingine, "Nina mtoto anaharisha." Mwingine, "Wameniita ofisini kuhusu mpaka." Mtu huku haulizi kwa jina la jambo. Anauliza kwa mahali jambo linapomkuta. Basi nikavipanga vitabu kwa mahali.

Rafu ya kwanza ni Kibanjani: migomba, kahawa, maharage, mbolea, wadudu wote. Ya pili ni Nyumbani: jiko, watoto, maji, magonjwa. Ya tatu ni Rweya, kule kwenye majani ya wazi: ng'ombe, nyuki, miti, na pia ramani na habari za nchi za mbali, kwa sababu anayetoka hapa kwenda popote lazima avuke rweya. Ya nne ni Ofisini: sheria, siasa, namna ya kuandika barua kwa wakubwa. Ya tano ni Harusi na Misiba, na hapo ndipo zilipo Biblia, urithi, hadithi, nyimbo, na kile kitabu cha kutengeneza pombe. Katekista amelalamika kwamba pombe imeegeshwa kwenye Biblia. Nikamuuliza harusi ya mwanawe mwaka jana aligawa uji?

Namba zako sikufuta hata moja, ziko mgongoni mwa kila kitabu. Nimekata maboksi nikatengeneza kadi, kila namba na kadi yake, zimepangwa kwa mfuatano wenu huo wa London ndani ya sanduku la viatu. Kadi inasema: namba hii, tazama Kibanjani, kitabu cha sita. Mkaguzi wako akija na namba, kadi itampeleka. Anastazi akija na shida, miguu yake itampeleka.

Mwezi huu peke yake wameazima mara sitini na nne. Mimi simo.

Kile cha fukusi hakilali maktaba. Nyirabageni, mke wa Anastazi, hajui kusoma, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa namsomea, naye anarudia kwa Kinyambo mpaka wanawake wote pale nje wanakijua kwa kichwa: pasua shina lililokwisha vunwa, laza vipande chini, asubuhi vigeuze uwaokote fukusi waliojificha. Wiki ya kwanza alileta kopo zima la fukusi akaliweka mezani kwangu kama risiti.

Ugomvi tumeupata kwenye kahawa. Mimi nimeiweka Kibanjani. Wazee watatu wakasema hapana, mgeni hapokewi na ahadi haifungwi bila kahawa ya kutafuna, kwa hiyo mahali pake ni Harusi na Misiba. Wamebishana alasiri nzima. Sasa kila mmoja anakiazima kitabu akatafute ushahidi wa kumshinda mwenzake, na mmoja wao alikuwa hajashika kitabu tangu avae pete.

Kokwijuka


Dar es Salaam
14 Agosti 1984

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto anakua.

Nasema kwa heshima zote: rudisha rafu. Huwezi kujua ninavyotazamwa hapa. Mkaguzi ana karatasi yenye mistari, na mstari wa kwanza unauliza kama vitabu vimefuata namba. Akiandika hapana, hatafika mstari wa pili unaouliza wasomaji. Utavipoteza vitabu vyote kwa ajili ya kimoja. Kila kijiji kikipanga kwa kichwa chake, Nyakasimbi rweya, Kibingo sijui nini, nani atakayejua kitabu kiko wapi?

Na hujanijibu kuhusu kibanja. Umeandika kipo. Najua kipo, ardhi haina miguu.

Yustus


Nyakasimbi
2 Novemba 1984

Yustus mwanangu,

Salamu kwa mama na mtoto. Huku wazima.

Nani atakayejua kitabu kiko wapi? Wa Nyakasimbi atajua. Vitabu mlivileta kwake.

Sirudishi.

Kibanja kipo.

Kokwijuka


Nyakasimbi
10 Februari 1985

Mwanangu,

Umenyamaza tangu mwezi wa nane. Namuombea mtoto na mama yake, nawe nakuombea ulegee shingo. Sisi tumeumaliza mwaka kwa amani.

Mkaguzi alikuja jana. Anaitwa Bwana Gaudiosus, mtu mnene wa kutoka upande wa Bukoba, ameshuka kwenye Landrova na karatasi yake. Alitazama rafu zilizoandikwa Kibanjani na Rweya, uso ukamkunjamana. Hakukaa. Akasema, "Mama, nitakutajia namba, unipe kitabu."

Akataja. Nikafungua sanduku la viatu, nikatoa kadi, nikaenda, nikampa. Akataja nyingine, nikampa. Ya tatu nikamwambia, "Kimeazimwa." Ya nne, "Kimeazimwa." Akataja kumi na mbili, na saba hazikuwepo. Akafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. "Mama, rafu zako zina mapengo!"

Nikamwambia, "Ndiyo, Bwana. Mlipokuja mara ya kwanza zilikuwa zimejaa."

Akavuta daftari la waazimaji akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, akalowesha kidole, akaendelea. Akafika kwenye 634.772. Akasoma yale majina yote yanayosubiri kile kijitabu. Mara akavua miwani, na hakuwa mkaguzi tena. Akaniuliza kwa lugha ya nyumbani kama ni kweli kinasaidia, kwa sababu kibanja cha mama yake nacho kinaanguka. Nikamwambia kinasaidia, lakini hapa tunakwenda kwa zamu. Jina lake ni la kumi na nne.

Lakini Yustus, alipopanda gari alisema kwa huzuni kwamba sheria ni sheria. Ameandika kuwa rafu hazikufuata namba. Ripoti inakwenda Dar es Salaam, na kuna mtu huko atakayeweka sahihi ya kuvichukua vitabu au kuviacha. Sijui ni nani. Ukimfahamu, mwambie wazee hawajamaliza habari ya kahawa.

Kokwijuka


Dar es Salaam
3 Disemba 1985

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa miezi yote niliyonyamaza. Adventina anatembea, anasema maneno matatu, na moja ni "hapana." Laurensia anasema amekurithi.

Uliandika kwamba humjui mtu wa kuweka sahihi. Ni mimi. Faili lilifika mezani kwangu mwezi wa tatu, na pendekezo la kuifunga Nyakasimbi lilikuwa limeshapigwa chapa, linangoja jina langu tu.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonifunga mkono nisikuandikie. Uliniuliza nani alisema ndizi ni tunda, nami nikakujibu kwa Mmarekani. Namba ile niliiandika mimi. Mwaka 1981, nilikuwa na vitabu mia mbili vya kumaliza kabla ya Ijumaa. Nikaona ndizi, nikafungua jedwali, nikaandika. Sikufikiri hata kwa pumzi moja. Mimi, niliyekula ndizi kila siku ya maisha yangu mpaka siku nilipopanda basi. Mmarekani hakupata kukaa kwenye jiko lako. Mimi nimelelewa humo. Nisamehe.

Sikuweka sahihi. Nilibeba ripoti zako mbili, ile ya kuazima mara kumi na moja na ile ya mara mia tano na arobaini, nikaingia nazo kikaoni. Walisema ni mchezo wa kijiji. Nikawasomea barua yako ya mwezi wa sita, yote, pamoja na katekista na uji wa harusi. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Bwana Gaudiosus naye alileta barua ya ziada, hakuna aliyemwomba, akasema yeye ni wa kumi na nne kwenye foleni na hataki gari lolote lije kuchukua kijitabu kabla ya zamu yake.

Vikao vimekuwa vinne. Cha mwisho kilikuwa jana. Tumeshinda, Shangazi! Nyakasimbi haifungwi. Na si Nyakasimbi tu. Kuanzia mwakani, maktaba yoyote ya kijiji iliyo chini yetu inaweza kupanga rafu zake kwa mazoea ya mahali, mradi namba zibaki mgongoni na pawepo sanduku la kadi. Katika waraka tumeliita Sanduku la Nyakasimbi. Nilitaka kuandika "sanduku la viatu," wakakataa.

Sasa niambie ukweli wa kibanja.

Yustus


Nyakasimbi
17 Agosti 1986

Mwanangu Yustus, na Laurensia, na mjukuu wangu,

Salamu zangu zinatoka kwenye kiti cha mbele, maana tangu waraka wenu usomwe kanisani na uwanjani, hawaniruhusu kukaa nyuma. Mkutubi wa Kibingo alikuja kwa miguu kujifunza kutengeneza kadi. Amerudi akitaka rafu ya Mtoni, wana mambo yao. Mwache apange. Wazee wamepatana juu ya kahawa: tumeomba nakala ya pili, sasa ipo kwenye rafu zote mbili, na kila upande unasema umeshinda.

Lile sanduku jipya la vitabu limefika. Nimeona mgongoni mwa kila kimoja: juu namba, chini yake neno KIBANJANI au NYUMBANI au RWEYA, kwa mkono wako. Nililia kidogo. Halafu nikajifuta, maana kulikuwa na foleni.

Umeomba msamaha kwa jambo nililolijua. Siku ile nilipokaa sakafuni, sikukaa kwa sababu ya fukusi. Ile namba ina saba mbili, na saba zako zina mkanda kiunoni. Mimi nilijifunza kuandika saba kwako, wewe ukiwa darasa la nne, ukinichorea kwa kijiti kwenye majivu ya jiko langu. Mkono huo ningekosaje kuujua? Nilikuuliza nani ili unijibu "mimi." Umechukua mwaka na miezi minane, lakini umefika.

Na sasa zamu yangu. Kibanja cha babu yako kilikuwa kinaanguka kabla ya kile cha Anastazi. Wakati naandika "kipo" mara ya kwanza, robo tatu ya migomba ilikuwa chini, hata ile ya kaburini. Kijitabu kilikuwa rafuni kwangu mimi mkutubi, na mimi nikichoma majani na kuomba rozari. Sikukuandikia kwa sababu ningekuambia, ungelia, ungejilaumu, na mtu anayejilaumu hagombani. Nilihitaji mtu wa kugombana nami ili nijue ninachosema.

Tulifuata kijitabu. Anastazi alikuja na mke wake, tukang'oa visiki vyote vilivyooza, tukatega, tukaokota, na mvua za vuli zilipoanza tukapanda machipukizi safi kutoka upande wake uliopona. Yule niliyemrudisha mikono mitupu ndiye aliyepanda kibanja cha babu yako. Siku hiyo ndipo aliposema lile neno ambalo hakulisema siku ile. Alisema, "Mama, tuachane na hilo."

Njooni Krismasi. Jina la mtoto ni Kokugonza, nimelitunza tangu siku alipozaliwa, nitamwita kwa mdomo wangu palepale kaburini ili babu yake alisikie.

Jumamosi tumekata mkungu wa kwanza, ule wa karibu na kaburi. Ulibebwa na wanaume wawili. Niliufikisha mbele ya maktaba, tukaumenya na Nyirabageni, tukaupika na maharage kwenye sufuria ya kanisa, na Nyakasimbi yote ikala, katekista akiwemo. Wala hakuna aliyeuita tunda.

Shangazi yako,
Kokwijuka